Maswali yenu: kamera ndani ya ibada

Habari za huko jamani. Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za jambo moja, kupiga picha kanisani, na siwashangai maana kipaimara na komunyo ya kwanza zimepamba moto kwenye parokia zetu huku kusini na kila mtu siku hizi ana kamera mfukoni. Nimechagua chache tu nizijibu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zote kwa sababu kijana aliyeuliza kauliza kitu ambacho wapiga picha wengi wa Mtwara wanakutana nacho na wanaona aibu kuuliza.

Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa Mikindani, nina studio ndogo, napiga harusi na maulidi. Kuna familia moja ya hapo mjini wamenipa oda ya kipaimara cha binti yao, afu katekista nae akanipigia kwamba nikiweza nipige vijana wote. Mimi ni muislamu, sijawahi kukaa kwenye misa hata siku moja. Nisimame wapi? Wakipiga magoti na mimi nipige? Flashi inaruhusiwa? Sitaki kuwakosea watu heshima. (Msomaji, Mikindani)

Marahaba mdogo wangu. Hofu toa kabisa, huku kwetu hilo siyo jambo geni, koo nyingi za Mtwara na Lindi zina waislamu na wakristo humo humo, mjomba anaswalisha msikitini na mpwa wake anaimba kwaya, na kwenye misiba na harusi tunaingia kwa wenzetu tunakaa kwa adabu tunatoka salama. Hakuna atakayekulazimisha kupiga magoti wala kufanya ishara ya msalaba. Ila foleni ya komunyo usiingie, ile ni ya wakatoliki wenyewe waliojiandaa, na pia usibaki umesimama wima katikati ya kanisa wakati watu wote wako magotini. Ukiona wanashuka, na wewe sogea pembeni kwenye nguzo au ukutani, chuchumaa, shusha kamera, subiri. Kofia unavua ukiingia ndani, wanaume kanisani hukaa kichwa wazi. Viatu vaa visivyogonga sakafu. Ukikutana na paroko ukimwambia "shikamoo padre" inatosha sana, huna haja ya kuiga salamu ambazo siyo zako.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mimi naamini, na nitalirudia kila nikiulizwa, kwamba picha nzuri za ibada zinatengenezwa siku kadhaa kabla ya ibada. Mtu anayejua misa inaendaje hahitaji kukimbia kimbia, anakuwa ameshafika mahali pake kabla tukio halijafika, na asiyejua ndio huyo unamuona anakatiza mbele ya altare wakati wa Injili huku kanisa zima linamtazama yeye badala ya kusikiliza. Kwa hiyo Jumapili moja kabla ya siku yenyewe nenda pale parokiani bila kamera, mwombe katekista, kaa benchi la nyuma misa nzima uangalie tu: wanaingilia mlango upi, mwanga unatoka dirisha gani saa ngapi, kwaya inakaa upande gani, spika ziko wapi, watu wanasimama lini na kukaa lini. Misa ya kipaimara itakuwa ndefu zaidi lakini mifupa yake ni ile ile.

Ukimaliza hapo omba kuonana na paroko, dakika tano tu. Usiende kumuuliza "naruhusiwa kupiga picha?" maana swali hilo litakupa jibu la ndio au hapana halafu siku ya siku mnagombana. Muulize mwisho wa kufika ni wapi, ngazi za altare unaweza kupanda au hapana, na kipi hataki kabisa kipigwe. Kanisa katoliki lina msimamo wake ulioandikwa zamani, waraka wa Roma unaoitwa Eucharisticum Mysterium wa tarehe 25 Mei 1967 unasema upigaji picha usivuruge adhimisho, na pale penye sababu ya kupiga ifanyike kwa busara kubwa na kwa kufuata taratibu za askofu wa mahali. Maana yake ni kwamba utaratibu wa Mtwara unaweza usiwe sawa na wa Lindi au wa Tunduru-Masasi, na hata ndani ya jimbo moja paroko huyu mkali yule mpole. Hivo usibebe ruhusa ya parokia moja ukaenda nayo nyingine.

Misa yenyewe iko hivi. Inaanza na maandamano ya kuingia, hapo piga utakavyo, wanakuja wanakutazama na kwaya inaimba, kimya chako hakihitajiki. Masomo yakianza tulia. Injili watu wanasimama wote, hapo usitembee hata hatua moja. Mahubiri ni nafasi nzuri ya kupata uso wa askofu, piga chache kutoka pembeni afu acha, maana mlio wa kamera wakati mtu mmoja tu anaongea unasikika mpaka sakristia. Baada ya mahubiri ndio kipaimara chenyewe: vijana wanarudia ahadi za ubatizo, askofu ananyoosha mikono juu yao wote kwa pamoja, halafu wanakuja mmoja mmoja na msimamizi nyuma yake ameweka mkono wa kulia begani kwake, na askofu anachovya kidole gumba kwenye krisma, yale mafuta matakatifu, anamchora msalaba kwenye paji la uso.

Picha ambayo kila mzazi anaitaka ni hiyo, na ni ya sekunde chache mno. Ukisimama nyuma ya msimamizi utapata visogo, ukisimama nyuma ya askofu moja kwa moja utapata mgongo na kofia yake. Simama upande ambao hauzibwi na mkono wake, mara nyingi ni kushoto kwake maana anapaka kwa mkono wa kulia, nyuma yake kidogo na kimshazari, uone uso wa mtoto, kidole, na ule mkono wa msimamizi begani. Ule mkono usiukate kwenye picha tafadhali. Wengi wanakata wanabaki na uso na kidole, na hapo shangazi aliyesafiri kutoka Nachingwea kuja kusimama na mtoto anakuwa hayupo. Ukishapata hiyo sehemu usihame, wao ndio wanakuja kwako.

Na jina nani atakumbuka? Vijana mia wamevaa shati jeupe wote, jioni huwajui. Mwombe katekista karatasi ya foleni, ipige picha ya kwanza kabisa kwenye memori kadi, na kila benchi jipya likianza kusogea piga picha moja ya mtu wa kwanza akiwa bado yuko kwenye mstari. Ukikaa kuediti utafuata karatasi bila shida.

Baada ya hapo yanakuja matoleo, na huku kwetu hapo ndio penye raha, kina mama wanakuja wanacheza na mihogo kichwani, korosho, mchele, kuku amefungwa miguu, piga bila hofu. Halafu mageuzo, pale padre anapoyasema maneno ya Yesu juu ya mkate na divai. Ukisikia kengele na watu wako magotini, wewe kamera chini, hata kama uliruhusiwa kila kitu. Kwenye komunyo usipige nyuso za watu wakiwa wamefungua midomo, hakuna anayependa hiyo picha na siyo heshima. Ukitaka kuonyesha foleni ilivyokuwa ndefu piga kutoka nyuma.

Flashi usitumie ndani ya misa, hata padre akikwambia tumia. Fikiria askofu anapaka vijana mia na kila mmoja anapigwa na mwanga machoni, mtoto anafumba macho na askofu anaona nyota. Kuhusu mwanga soma jibu la mwenzio wa Masasi hapo chini. Wewe nenda ukafanye kazi kwa kujiamini, na hilo la kuuliza kwanza limenifurahisha sana.

Dada habari. Komunyo ya kwanza ya mwanangu padre alisimamisha misa akasema simu zishuke, mimi nilikuwa mbele kabisa nimeinua, nilijisikia vibaya mno. Kwani kosa langu nini, si mtoto wangu? (Mama wa Ligula)

Pole mama. Ni mtoto wako kweli na hamu yako naielewa, ila nyuma yako kulikuwa na mama mwingine ambae mtoto wake alikuwa nae yuko pale mbele na kitu pekee alichokiona siku ile ni mgongo wako na kioo cha simu. Hilo linawaumiza wengi kimya kimya. Hata Papa Fransisko aliligusia, kwenye katekesi yake ya Jumatano tarehe 8 Novemba 2017 alisema inamsikitisha kuona simu zimeinuliwa wakati wa misa, na hakuwasema waamini peke yao, aliwataja mapadre na maaskofu pia. Alikumbusha kwamba padre anasema "inueni mioyo", hasemi inueni simu.

Wazazi wa darasa la komunyo kaeni kikao mapema, changeni, mchukue mpiga picha mmoja au wawili wanaojua misa, mkubaliane na paroko, afu siku hiyo simu zote zikae kwenye mikoba. Mtapata picha nzuri kuliko hizo za mkono unaotetemeka. Misa ikiisha mapadre wengi wanakubali familia zisogee mbele, mtoto ashike mshumaa wake, apige na padre, na bibi, na somo wake. Ila usimwombe padre arudie kumpa mtoto komunyo ili upate picha. Wapo wanaoomba hivo. Sakramenti haiigizwi.

Mambo vipi dada mkubwa. Napiga picha Masasi, kanisa letu la zamani lina madirisha madogo, picha zangu padre anaonekana kanzu tu, uso giza kabisa. Nikiongeza mwanga kanzu inaungua inakuwa karatasi nyeupe. Na siku hizi nimepata kamera ya kisasa nimeweka mfumo wa kimya, picha zinatoka na michirizi ya giza na mwanga kama pundamilia. Kamera mbovu? (Fundi picha, Masasi)

Kamera nzima hiyo mdogo wangu, usiipeleke kwa fundi.

Tuanze na michirizi. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za tyubu na zile za LED za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera inaona. Kwenye mfumo wa kimya kamera haifungi pazia lolote, inasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa ikiwa imewaka vizuri na mingine ikiwa imefifia, ndio hiyo pundamilia yako. Weka spidi ya shata 1/50 au 1/100, inaendana na mwendo wa taa na michirizi inaisha au inapungua sana. Shida inakuja kwaya ikianza kucheza, 1/100 kwa watu wanaoruka ni ukungu mtupu, unataka angalau 1/200. Hapo rudi kwenye shata ya kawaida yenye mlio, kwaya inaimba ngoma zinapigwa nani atasikia? Mfumo wa kimya utunze kwa ajili ya sala na mahubiri. Na kama mnaweza kumwomba mzee wa kanisa azime tyubu za upande wenye madirisha, mwombe, mwanga wa dirisha hauchezi hata kidogo.

Sasa uso na kanzu. Kamera ikiona nguo nyingi nyeupe inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, na ngozi zetu ndio zinazolipa. Ukiiacha ijipimie yenyewe kila Jumapili utakuwa na kanzu nzuri na watu wasio na nyuso, na kwangu mimi hiyo ni picha iliyokufa, mama hatafuti kanzu kwenye picha anamtafuta mwanae. Pima mwanga kwenye uso, ile alama ndogo ya katikati iweke shavuni, afu angalia kama nakshi za kanzu bado zinaonekana. Zikipotea kabisa punguza kidogo kidogo mpaka zirudi, usipunguze zaidi ya hapo. Piga kwa RAW siyo JPEG peke yake, maana faili la RAW linabeba maelezo mengi kwenye giza na ukikaa kuediti unaweza kuunyanyua uso bila kuharibu nyeupe. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, usiiogope, 1600, 3200, hata 6400 kwenye kamera za sasa ni sawa tu, chembe chembe kidogo kwenye picha siyo dhambi, uso uliotikisika ndio hauponi. Na kama unaweza kununua kitu kimoja mwaka huu basi nunua lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, yaani inayofunguka sana, ni ya bei ya chini kwenye karibu kila aina ya kamera na inakunywa mwanga mara nyingi zaidi ya ile lenzi iliyokuja na kamera.

Kuna zoezi moja huwa nawapa vijana. Tafuta msalaba au kinyago cha mpingo, huku kwa Wamakonde hakikosekani nyumbani kwa mtu, kilaze kwenye kitambaa cheupe karibu na dirisha, upige mpaka uone mikato ya kisu kwenye mpingo na nyuzi za kitambaa kwa wakati mmoja. Ukiliweza hilo padre hatakushinda.

Mlango nao ni adui mpaka umjue. Maandamano yakiwa yanaingia mlango mkubwa uko wazi nyuma yao na jua letu la saa nne ni kali, utawapata weusi kama vivuli. Usiwapige mlangoni, waache waingie mpaka mwanga wa madirisha ya pembeni uwaguse ndio ubonyeze. Ila misa ikiisha mlango huo huo unakuwa rafiki: iweke familia hatua mbili ndani ya kizingiti waangalie nje, wewe simama nje, ule mwanga unaoruka kutoka kwenye mchanga wa uwanja wa kanisa unawaingia usoni taratibu, hakuna anayekunja macho. Wapiga picha wanawapanga watu juani katikati ya uwanja saa sita mchana mpaka bibi anatokwa machozi, sielewi kwa nini na kivuli kipo.

Jambo jingine, usifungue lenzi mpaka mwisho kila wakati kisa umeambiwa nyuma pawe na ukungu. Hapa Mtwara mjini kanisa la Mtakatifu Paulo la Majengo kuta zake zimejaa michoro ya Padre Polycarp Uehlein, Mbenediktini wa Kijerumani, rangi kali, visa vya Biblia. Ukimpiga mtu pale kwa f/1.8 umefuta nusu ya kanisa. Nenda f/4, yaani ifunge lenzi kidogo, vumilia ISO ipande, michoro ionekane nyuma ya watu maana watu wa pale wamekua wanaitazama. Huko kwenu nako, ukiwa na kanisa la mawe, mawe yaonekane.

Dada naomba usiandike jina langu. Nilienda mkesha wa maombi hapa Lindi nikiwa na matatizo yangu, nilipoombewa nilianguka. Siku ya tatu jirani ananionyesha vidio kwenye simu, ni mimi niko chini nguo zimevurugika napiga kelele, imepostiwa na watu wameandika maneno. Nimeacha kwenda kanisani. Nafanyaje? (Msomaji, Lindi)

Pole sana dada yangu. Pole mno. Wewe hukukosea chochote, ulienda kuomba msaada kwa Mungu, na mtu akachukua saa yako ya udhaifu mkubwa akaifanya tangazo.

Kwanza, usiende peke yako. Mchukue mtu mzima unaemwamini, mama mdogo au mzee wa mtaa, muende kwa mchungaji mwenyewe, siyo kwa kameramani, mseme hiyo vidio ifutwe kila ilipowekwa, hata kwenye magrupu ya WhatsApp ya kanisa. Kabla ya kwenda muombe jirani akuhifadhie picha ya skrini inayoonyesha ilipopostiwa na tarehe. Wengi wakiambiwa na mhusika uso kwa uso wanafuta. Wakigoma, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na picha yako inayokutambulisha ni taarifa yako binafsi. Sheria hiyo inazichukulia taarifa za afya na za imani ya mtu kuwa nyeti, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Ukipata mwanasheria wa msaada wa kisheria hapo Lindi atakusaidia kuandika barua. Na kuhusu kanisa, lipo kanisa lingine dada, Mungu hayuko kwenye jengo moja, usimwache yeye kwa sababu ya kamera ya mtu.

Nyie wapiga picha wa mikesha na mikutano ya injili nawaambia kutoka moyoni. Mtu aliyeanguka, anayelia, anayepiga kelele, hapigwi picha ya uso. Kwenye makanisa mengi ya kiroho kuna dada mhudumu amesimama na kitenge mkononi, kazi yake ni kumfunika mama aliyeanguka. Yeye anafunika na wewe uko pembeni yake unafunua. Na sisi watu wa kusini hatuhitaji mgeni aje atufundishe hili, wote tumelelewa kwenye jamii yenye jando na unyago, tunajua tangu wadogo kwamba yapo mambo yanafanyika na hayatoki nje ya pale yalipofanyika, na hakuna aliyekuwa na akili timamu ambae angepeleka kamera unyagoni. Mbona kwenye maombezi tunasahau?

Ukitaka kuonyesha nguvu ya ibada piga mikono iliyoinuliwa, mgongo wa anayeomba, umati kutoka nyuma, mchungaji mwenyewe jasho linamtoka. Na kama mnarusha laivu, kamera ya laivu ibaki kwa mhubiri na kwaya, muda wa kuombea watu ukifika igeuzwe au izimwe, na watangazieni watu tangu mwanzo kwamba kuna kamera na kuna upande wa kukaa asiyetaka kuonekana. Mtoto wa chini ya miaka 18 usimposti bila mzazi kukubali, hata kama anaimba kwaya ya watoto na amependeza.

Tuna ubatizo wa maji mengi baharini mwezi ujao hapa Mtwara, nimeombwa kupiga. Ushauri? (Kijana wa Shangani)

Uliza wavuvi kuhusu maji kabla hamjapanga saa. Siku za bamvua maji yakikupwa pwani yetu inakuwa matope na mwamba mpaka mbali, mchungaji atatembea na watu wake mpaka mchoke, na yakijaa yanakuja kwa kasi. Mkiweza kupata maji yaliyojaa asubuhi saa moja au saa mbili mtakuwa na bahari na mwanga laini kwa pamoja. Jua huku linachomoza baharini, kwa hiyo ukisimama nchi kavu ukaelekea baharini utawapata vivuli, ingia majini mpaka mapajani usimame pembeni yao. Kamera ifunge kamba shingoni, na jioni uifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi afu kikavu, chumvi inakula vyuma taratibu.

Na mtu akiibuka majini nguo imemganda mwilini, hasa kina dada waliovaa kanzu nyeupe. Piga uso akiwa ndio anaibuka, ile pumzi ya kwanza, kisha shusha kamera mpaka mama zake wamfunge khanga, halafu endelea na kukumbatiana. Waambie waandaaji khanga ziwe tayari ufukweni, wasikumbuke baadae.

Mwanangu, mimi ni katekista mstaafu, Newala. Nyumbani nina sanduku la picha za kigango, za ubatizo, za mapadre wa zamani, nyingine zimeanza kushikana na kuota ukungu. Vijana wananiambia nizipige lamineti. Ni sawa? (Katekista, Newala)

Shikamoo mwalimu. Usizipige lamineti tafadhali, moto wa mashine na gundi vinaua picha na haitoki tena humo. Zile zilizoshikana usizivute kwa nguvu, ziweke pembeni kwanza. Zilizobaki zitoe kwenye sanduku, zianike kivulini penye hewa siku kavu, siyo juani, futa ukungu kwa brashi laini kavu ukiwa nje ya nyumba na ukiwa umefunika pua. Kila moja iingie kwenye bahasha yake ya karatasi, siyo ya nailoni, na zikae kwenye kabati lililonyanyuliwa kutoka sakafuni na lisilogusa ukuta wa nje, huo ndio unaovuta unyevu masika. Albamu zile zenye gundi na nailoni juu hazifai, zinageuza picha kuwa njano.

Kisha mwite mjukuu mwenye simu nzuri azipige moja moja: picha ilazwe mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua, simu iwe juu yake sawasawa bila kuinama, flashi imezimwa. Zitumwe parokiani na nakala ibaki kwenu.

Lakini kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukifanya ni majina mwalimu. Huku kwetu wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walifika Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, Wabenediktini wakaanzisha Ndanda mwaka 1906, na kwenye picha za zamani za misheni mara nyingi unakuta padre wa kizungu kaandikwa jina na watu walio pembeni yake wameandikwa "wakristo" tu. Hao walikuwa na majina, walikuwa wazazi wa watu, wewe pengine unawajua. Chukua penseli, kalamu ya wino itapenya mbele, andika nyuma kwa mkono mwepesi: nani kutoka kushoto, kigango gani, mwaka kama unaukumbuka, na kama huukumbuki andika "kabla ya" au "baada ya" tukio fulani mnalolijua wote, mfano kabla ya kanisa jipya kujengwa. Usiyemjua acha nafasi. Halafu Jumapili baada ya misa zipitishe kwa wazee wenzio wachache kwenye kivuli pale nje, kijana mmoja aandike wanachosema, maana wataanza kubishana nani ni nani na ndio humo humo majina yanatoka.